Jouli zikilingana, je, risasi zinalingana mbele ya nyati?

"Shikamoo mzee. Mimi najifunza kazi ya uwindaji bingwa, mwaka wa pili sasa nafuatana na mwindaji mmoja kwenye kitalu upande wa Rungwa. Bosi wetu ana bunduki mbili: .300 Weatherby inayotumia risasi yenye uzito wa greini 180, na .375 H&H ya greini 300. Nimepiga hesabu ya nishati nikaona zinakaribiana kabisa: ya kwanza jouli 5,690, ya pili jouli 5,780. Tofauti haifiki hata asilimia mbili. Lakini nikitumia kanuni ya Taylor, ile ya uzito mara kasi mara kipenyo, .300 inapata 26 na .375 inapata 41. Mwenzangu anasema kanuni ya Taylor ndiyo ya Afrika, hiyo ya jouli ni ya watu wa maabara. Mimi nampinga, maana fizikia niliyosoma shuleni haina kitu kinachoitwa Taylor. Tena .300 hainipigi bega sana na shabaha yangu nayo ni nzuri. Kwa nini basi nikatazwe kwenda nayo kwa nyati? Na kanuni ipi ndiyo ya kweli?"

Marahaba, mwanangu. Hesabu zako nimezirudia kwa kalamu na ziko sawasawa. Gramu 11.66 kwa mita 988 kwa sekunde, na gramu 19.44 kwa mita 771, zinatoa jouli hizo hizo ulizoandika. Namba za Taylor nazo ni sahihi. Tatizo ni kwamba umeziuliza namba hizo jambo ambalo haziwezi kulijua: unataka zikuambie nyati atakufa au hatakufa, wakati zenyewe zinaijua risasi peke yake, tena ikiwa bado mdomoni mwa mtutu.

Kabla ya kuendelea nisafishe neno moja, kwa sababu limewachanganya vijana wengi niliowafundisha. Kiswahili chetu kinaita "risasi" vitu vitatu: ile nzima unayoiingiza kwenye bunduki ikiwa na ganda, baruti na kichwa, kile kichwa peke yake kinachoruka, na yale madini mazito, laini, yanayotumika kukitengeneza. Humu nikisema risasi nina maana ya kichwa kinachoruka. Madini nitayaita madini ya risasi.

Sasa tuanze na mnyama, maana kanuni zote hizi zilitungwa kwa ajili yake na mara nyingi yeye ndiye anayesahauliwa. Mnyama aliyepigwa risasi huanguka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukatwa mfumo wa fahamu, yaani ubongo au uti wa mgongo. Huyo hulala palepale. Ya pili ni kuishiwa damu: moyo, mishipa mikubwa au mapafu yametobolewa, shinikizo la damu linashuka, ubongo unakosa oksijeni. Njia hii inataka muda. Hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo hubaki na akiba ya oksijeni ya sekunde 10 hadi 15 hivi. Nyati aliyebakiwa na sekunde 15 anaweza kukimbia zaidi ya mita mia moja, na hakuna aliyemwekea sharti kwamba akimbie kuelekea mbali na wewe.

Njia zote mbili zinadai tundu lililofika mahali panapotakiwa, likiwa na kina cha kutosha na upana wa kutosha. Mahali, kina, upana. Shika maneno hayo matatu, kisha tutazame kila kanuni inalijua lipi kati yake.

Wapo wanaoamini kuna njia ya tatu, kwamba risasi kubwa humsukuma mnyama mpaka chini. Nimeisikia imani hii kwa wageni na kwa wenyeji, na inafaa ipimwe. Chukua .458 Winchester, bunduki ya tembo: greini 500 kwa futi 2,090 kwa sekunde, sawa na gramu 32.4 kwa mita 637. Zidisha uzito kwa kasi upate kile wanafizikia wanachokiita momentamu. Ni kilo 20.6 zikienda mita moja kwa sekunde. Mgawie nyati dume wa kilo 700. Jibu ni mita 0.029 kwa sekunde, yaani sentimita tatu. Kobe anatembea haraka kuliko hapo. Wala haingewezekana kuwa vingine, kwa sababu msukumo huo huo ulipita kwenye kitako cha bunduki ukaingia begani mwako, na wewe mwenye kilo sabini ulibaki umesimama. Ukimwona nyati amelala papo hapo, ujue risasi imegusa uti au ubongo, au imevunja mifupa inayombeba.

Hiyo ilikuwa fizikia uliyoisoma shuleni, na unaona inaweza kusema kweli na bado isitoshe. Jouli nazo ni hivyo hivyo. Nishati inakuambia risasi imebeba uwezo kiasi gani wa kufanya kazi. Haikuambii kazi hiyo itafanyika wapi. Uwezo huo unagawanyika: kukata nyama, kuvunja mfupa, kuibonyeza na kuifungua risasi yenyewe, kuitanua nyama iliyo pembeni mwa njia, na kama risasi imetokea upande wa pili, sehemu nyingine inaishia kwenye kichuguu huko nyuma.

Hapo kwenye kutanua ndipo wengi hudanganyika. Risasi ya kasi ikipita mwilini, nyama ya pembeni hutupwa nje kama maji yanavyotawanyika jiwe likitumbukia, kisha hurudi, yote ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Watafiti huliona hilo kwa kupiga risasi kwenye jeli, Dkt. Martin Fackler wa jeshi la Marekani ndiye aliyeufanya upimaji huo ujulikane sana miaka ya 1980, kwa jeli ya asilimia 10 iliyopozwa mpaka nyuzi 4. Alichosisitiza ni kutenganisha uwazi wa muda, ule unaotanuka na kurudi, na uwazi wa kudumu, yaani tundu lenyewe lililokatwa. Mapafu ni laini na yenye kunyumbuka, huvumilia mengi ya huo mtanuko. Ini halinyumbuki, hupasuka. Kwa hiyo jouli zile zile zikipita viungo viwili tofauti zinaacha majeraha mawili tofauti, na kanuni ya nishati haina habari.

Kuna jambo jingine. Kanuni hiyo inaipendelea kasi, kwa sababu kasi inajizidisha yenyewe. Ongeza uzito wa risasi kwa asilimia 10, jouli zinaongezeka asilimia 10. Ongeza kasi kwa asilimia 10, jouli zinapanda asilimia 21. Hivyo ndivyo .300 yako ilivyoikamata .375 kwenye karatasi, kwa mbio zake na si kwa uzito wake. Tena mbio ndicho kitu cha kwanza ambacho hewa inakila: kasi ikipungua asilimia 10 njiani, jouli zimeshapungua asilimia 19. Ukizilinganisha bunduki zako mbili kwa momentamu badala ya jouli, ya .300 ni 11.5 na ya .375 ni 15.0. Ghafla kubwa imeizidi ndogo kwa asilimia 30. Risasi hazijabadilika hata chembe, umebadilisha kioo tu.

Tuje kwa Taylor, maana mwenzako naye anastahili jibu la heshima. John Taylor, aliyejulikana kama Pondoro, alikuwa Mwairishi aliyewinda tembo kwa miaka mingi, hasa Msumbiji. Kanuni yake aliichapisha mwaka 1948: uzito kwa greini, mara kasi kwa futi kwa sekunde, mara kipenyo kwa inchi, kisha gawanya kwa 7,000, ambazo ni greini zilizomo katika ratili moja. Mwenzako yuko sahihi kwamba ilizaliwa Afrika. Lakini mwulize ilizaliwa kwa ajili ya nini. Taylor alikuwa akilinganisha bunduki kubwa za tembo, zote zikipiga risasi ngumu zisizofunguka, na alichotaka kukionyesha ni hili: ukimpiga tembo kichwani ukaukosa ubongo kidogo, bunduki ipi itamduwaza kwa muda wa kutosha upate kumpiga ya pili? Kwa kazi hiyo nyembamba, kati ya bunduki za ukoo mmoja, namba zake zinapangika vizuri. Kumwuliza Taylor habari za swala pala wa kilo 60 au za risasi inayofunguka kama uyoga ni kumpeleka mzee wa watu kwenye shauri lisilomhusu.

Ukiitoa kanuni hiyo nje ya ukoo wake, unaona inavyopotea. Chukua mpira wa miguu: gramu 430, kipenyo sentimita 22, umepigwa shuti la mita 25 kwa sekunde. Kwa vipimo vya Taylor hizo ni greini 6,636, futi 82 kwa sekunde, inchi 8.66. Jibu linapita 670. Ile .458 ya tembo inapata 68. Na kipa anaudaka mpira huo kwa mikono kila Jumapili. Au tuchukue silaha ya kweli: shotigani ya geji 12 inayotupa risasi moja nzito ya wakia moja kwa futi 1,600. Kipenyo ni inchi 0.729, jibu la Taylor ni 73, juu ya .458. Risasi hiyo ni madini laini, fupi na pana; ikikutana na bega la nyati inabonyea kama bonge la udongo wa mfinyanzi kabla haijafika popote. Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, na kipenyo nacho ni vivyo hivyo.

Kinachokosekana kwa Taylor na kwa jouli ni kina. Kwa hicho wawindaji wana kipimo cha tatu, ambacho wewe hukukitaja na ambacho mimi ningekupa kabla ya vingine vyote: uwiano wa uzito na kipenyo. Uzito wa risasi kwa ratili, gawanya kwa kipenyo cha inchi kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe. Kinakuambia uzito kiasi gani umesimama nyuma ya kila kipande cha uso wa risasi. Fikiria msumari na kizibo cha soda vyenye uzito mmoja, ukavigonga kwa nguvu moja kwenye ubao. Greini 300 za .375 zinatoa 0.305. Greini 180 za .300 zinatoa 0.271. Greini 500 za .458 zinatoa 0.341. Ile ya shotigani ni 0.118 tu. Mpira wa miguu ni 0.013, na hapo kipa amepata haki yake. Wawindaji wa wanyama wazito kwa desturi hawapendi kushuka chini ya 0.300.

Namba hii ndiyo inayofumbua fumbo la W. D. M. Bell, Mskoti aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya safari zake za Karamoja, Uganda, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo leo tungempa mtu akawinde kongoni. Kwa Taylor, bunduki hiyo inapata kama 16. Kwa jouli ni dhaifu kuliko zote tulizozitaja. Lakini risasi yake ilikuwa ngumu, nyembamba na ndefu, greini 173, na ukiipigia uwiano wake unapata 0.306, sawa na .375 yako. Ilipita fuvu la tembo moja kwa moja bila kupinda. Kilichobaki ni mahali, na hapo Bell alikuwa amekata fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi ukimtazama mnyama kutoka kila upande. Sikusimulii haya ili umwige. Watu waliojaribu kumwiga bila kuwa na jicho lake na utulivu wake, pori linawajua.

Na uwiano nao una mpaka wake, tena mpaka mkubwa. Ile 0.305 na ile 0.271 ni za risasi ambayo bado haijagusa ngozi. Risasi ya kufunguka ikiingia mwilini inatanuka, na kila inapotanuka uwiano unaporomoka. Tuseme ile greini 180 imefunguka mpaka inchi 0.6 na njiani imepukutika theluthi moja ya uzito wake. Uwiano uliobaki ni 0.048. Tuseme ile greini 300 iliyotengenezwa vizuri imefunguka mpaka inchi 0.7 ikabaki na greini 270. Hiyo ni 0.079. Pengo lililokuwa dogo kwenye karatasi limekuwa kubwa ndani ya mnyama, na lililolikuza ni ujenzi wa risasi na kasi iliyoingia nayo. Hakuna kanuni ya mfukoni inayokiona kitu hiki.

Mwaka ule ule wa 1948 ambao Taylor alichapisha kanuni yake, Mmarekani mmoja aitwaye John Nosler alianza kuuza risasi za aina mpya. Miaka miwili nyuma alikuwa Kanada akiwinda musi, yule kulungu mkubwa wa huko, kwa bunduki ya .300 yenye kasi. Risasi zake zilikuwa zikivunjika kabla hazijazama. Nishati ilikuwepo, shabaha ilikuwepo, risasi ndiyo haikuhimili kasi ya bunduki. Alirudi nyumbani akatengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma inabaki nzima ikisukuma. Ipo sokoni mpaka leo, pamoja na jamaa zake za shaba tupu zisizo na madini ya risasi kabisa. Piga kanuni yoyote uliyonayo, risasi ya Nosler na risasi ya bei rahisi ya uzito huo huo zitapata alama sawasawa.

Mimi mwenyewe somo hili nililipata kwa pofu. Mgeni niliyekuwa naye alikuwa na .300 ya kasi kama hiyo yenu, na risasi laini za kawaida alizozinunua kwa ajili ya kulungu wa kwao. Mpigaji mzuri, sina la kumlaumu kwa hilo. Pofu dume alisimama mita 40 kutoka kwetu, ubavu wote wazi, na risasi ikatua begani pale pale alipolenga. Tulimfuata kwa damu chache kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, na nilipompiga ya mwisho alikuwa bado ana miguu mitatu yenye nguvu. Tulipomchuna tulikuta risasi imepasuka kwenye kiungo cha bega, vipande vya madini vimetapakaa kwenye nyama kama punje za mchele, na kifua hakijaguswa. Angekuwa mita 250, kasi ikiwa imepungua, risasi hiyo hiyo pengine ingeshikamana na kupita. Ukaribu ndio ulioivunja. Niliwaambia wachinjaji watupe nyama yote ya pembeni mwa jeraha, maana madini ya risasi ni sumu na watoto ndio wanaodhurika kwanza, na yule mgeni alikaa kimya jioni nzima. Mnyama aliteseka saa tano kwa sababu sikuwa nimemwuliza mteja wangu swali moja kuhusu risasi zake. Silisahau.

Sasa unaweza kuona kwa nini sheria inakukataza. Nyati hupigwa kwa ukaribu, mita 30, 50, mara chache zaidi ya 80, nyasi zikiwa zimefika kiunoni. Huko .300 iko kwenye kasi yake ya juu kabisa, yaani kwenye hali inayoipasua risasi kwa urahisi kuliko zote, mbele ya mnyama mwenye ngozi nene na mfupa wa bega mzito. Kiwango cha chini cha kipenyo cha inchi .375 kwa wanyama hatari, ambacho Tanzania na nchi nyingi za uwindaji za Afrika wamekiweka, hakikutoka kwenye jouli. Kimetokana na makaburi.

Nchi nyingine wamechagua kioo kingine. Namibia wanatumia jouli: 1,350 kwa wanyama wadogo wa jamii ya springboki, 2,700 kwa tandala na wenzake, 5,400 kwa nyati na tembo. Wajerumani kwa kulungu mkubwa na nguruwe pori wanadai kipenyo kisichopungua milimita 6.5 pamoja na jouli 2,000, tena jouli zinazopimwa mita 100 mbele na si mdomoni mwa mtutu. Mimi naupenda utaratibu wa Wajerumani, kwa sababu unamlazimisha mtu afikirie risasi inavyofika, badala ya inavyoondoka. Lakini namba hizo zote hazikulindi dhidi ya risasi mbovu. Hiyo wamekuachia wewe.

Swali lako la mwisho, kanuni ipi ya kweli, nalijibu hivi: zote ni za kweli kwa kile zinachopima, na mimi hutumia zote, kila moja kwa zamu yake. Uwiano wa uzito na kipenyo nautumia kuondoa risasi zisizofaa. Kwa nyati, iliyo chini ya 0.300 siiangalii tena. Jouli na momentamu nazitumia kulinganisha risasi mbili za bunduki moja, kwa mfano greini 270 na 300 za .375, nikizipigia hesabu kwa kasi ya umbali ninaotarajia kupiga. Taylor namweka kwa wale wanaochagua kati ya .375, .416 na .458 kwa ajili ya tembo. Baada ya hapo nafunga daftari nauliza risasi imetengenezwaje. Kwa nyati wengi wetu hutanguliza risasi ya kufunguka iliyo imara, kisha zinazofuata ndani ya bunduki ni ngumu, maana mnyama akishakimbia utakuwa unampiga kwa nyuma na unahitaji kina kirefu. Ngumu hiyo usiipige nyati akiwa amebanana na wenzake. Itapita ubavu wa pili na kumjeruhi usiyemkusudia.

Kuhusu .300, usiidharau. Kwa kongoni, nyumbu, tandala, swala wa mbugani wanaosimama mita 200, ni bora kuliko .375, na ukiipa risasi imara ya shaba haitavunjika hata kwa karibu. Uiweke kwenye kazi yake.

Na kuhusu bega lako, hapo umesema jambo la maana kuliko hesabu zote, nami nakushukuru kwa kulisema wazi, kwa sababu wengi huona haya. Nishati ya bunduki inayorudi begani kwa .375 ni kama mara mbili ya .30-06 ya kawaida, na ya .458 ni kama mara tatu. Mtu anayefumba macho kabla ya kufyatua atampiga nyati tumboni kwa bunduki yoyote, na .375 iliyopiga tumbo ni mbaya kuliko .300 iliyopiga moyo. Lakini dawa yake si kwenda na bunduki ndogo. Dawa ni mazoezi, na .375 inazoeleka kwa mtu wa mwili wa kawaida. Anza umesimama ukiwa na kinga ya masikio, kwa sababu mtu aliyesimama mwili wake unarudi nyuma na bunduki. Aliyelala au aliyejibana mezani anapokea pigo lote. Piga tano, pumzika, usizidi kumi na tano kwa siku. Kitako kiwe kimekufaa urefu. Kikiwa kirefu au kifupi kwako, mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni akiangalie yeye kwa macho yake, na hapo hapo akague mtutu na usalama wake. Usithubutu kujaza maganda baruti mwenyewe kwa kufuata vipimo ulivyopewa na mtu. Bunduki ya ukubwa huo ikizidiwa baruti inamlipukia usoni aliyeishika.

Kasi nayo usiichukue kwenye boksi. Viwandani hupima kwa mitutu mirefu. Wako ukiwa mfupi utapata kidogo. Kama kuna mwindaji mwenye mashine ya kupimia kasi ya risasi, mwombe upige tatu mbele yake, kisha urudie hesabu zako kwa namba za kweli za bunduki yenu.

Mahali pa kupiga siwezi kukufundisha kwa maandishi, na anayekuambia anaweza usimwamini. Moyo wa nyati uko chini kuliko unavyodhani, katika theluthi ya chini ya kifua, katikati ya miguu ya mbele, lakini akigeuka kidogo kila kitu kinahama. Kila mnyama atakayechinjwa kitaluni kwenu, simama kwa mchunaji. Fuata njia ya risasi kwa kidole kutoka ngozini mpaka iliposimama, ipime kwa mizani ya jikoni, andika umbali, imevunja nini, imebaki na uzito gani. Mzee unayefuatana naye atakueleza mengine ambayo mimi siyaoni nikiwa huku.

Na ikitokea mmemjeruhi mmoja, usimfuate peke yako hata kama jouli zako ni elfu kumi. Subirini, msikilize, mwingie pamoja, mkubwa wako akiwa mbele na askari wanyamapori akiwa na taarifa. Sheria inawataka mmtafute, na kama hakupatikana mripoti.

Nikiwa mahali pako, wiki hii ningemwomba bosi ile .375, kinga ya masikio, na risasi kumi na tano. Bandika karatasi mita 50, piga ukiwa umesimama na kuegemea fimbo tatu kama mtakavyofanya porini. Zikiingia zote ndani ya upana wa sahani ya chai, niandikie tena, na safari hiyo tuzungumzie greini 270 au 300.